Birika la shambani: shajara ya kuyarudisha maji

12 Januari

Mtaa mzima wanapaita hapa Birikani, na hakuna mtu wa chini ya miaka hamsini aliyewahi kuona birika lenyewe, hodhi la mawe la kuwekea maji, likiwa na maji. Leo tumemaliza kufyeka. Siku nne za panga na shoka, vijana watatu na mimi, na sasa kuta zote nne zimetoka kichakani. Urefu mita 6.4, upana mita 3.8. Kina bado sijui, kwa sababu ndani mumejaa udongo, majani yaliyooza na vifuu vya miaka na miaka.

Shamba letu liko kati ya Kizimbani na Kidichi, huku Unguja kwenye udongo mwekundu na chemchemi. Ni eka tatu alizopewa babu baada ya Mapinduzi ya 1964, mashamba makubwa ya mikarafuu yalipotaifishwa na kukatwakatwa. Birika likaangukia upande wetu. Babu hakulitaka wala hakulichukia. Alikuwa na muhogo wa kupanda.

Jioni nilimletea bibi kiti akae ukingoni. Aliangalia kimya kwa muda mrefu, kisha akanyoosha mkono kwenye kona ya juu. "Pale, mume wangu, palikuwa na mdomo wa jiwe. Maji yakiingilia pale, yakitokea kule chini. Nilipokuja hapa bibi-arusi nikifulia hapa hapa. Hayakuwa yakisimama hata siku moja."

Nimeandika maneno yake kama alivyoyasema. Huo ndio mchoro pekee tulio nao.

20 Januari

Tumetoa udongo toroli 140 na ushei. Sakafu imeonekana: kina ni mita 1.6 kutoka ukingoni. Ikijaa, birika hili litachukua kiasi cha lita 39,000.

Habari mbaya ni saruji. Kuta zote na sakafu zimepigwa lipu ya saruji, sentimita tatu, mahali pengine nne. Hii ni kazi ya mwanzoni mwa miaka ya themanini. Maji yalikuwa yamepungua, wazee wakadhani birika linavuja, wakachanga pesa wakamwita fundi. Walifanya kwa nia njema na kwa kitu walichoambiwa ndicho cha kisasa. Lakini ukuta huu ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu, linavuta unyevu na kuutoa. Ukilifunika kwa saruji, ambayo ni ngumu kuliko lenyewe na haipumui, unyevu unakaa nyuma, chumvi inajikusanya, na jiwe linamomonyoka kimya kimya. Nilipoigonga ile lipu kwa mpini wa nyundo ilitoa sauti ya debe tupu. Nikaingiza bisibisi kwenye ufa: nyuma yake mlikuwa na unga.

3 Februari

Kabla ya kugusa chochote nilitaka kuona wenzake. Mtaalamu mmoja wa mambo ya kale alikubali kufuatana nami siku nzima, na alisema jambo moja ambalo sitalisahau: usianze na birika, anza na maji.

Tulikwenda Kidichi kwanza. Hamamu ile, nyumba ya kuogea, Sultani Sayyid Said aliijenga mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah. Wageni huja kutazama maua na ndege waliochongwa kwenye lipu, nami niliyatazama, mazuri mno. Ila mtaalamu alinipeleka nje, akanionesha jinsi jengo lilivyokaa kwenye mwinuko, akaniuliza, "Sasa hapa juu maji walileta vipi?" Nikakaa nikiwaza jibu badala ya kupiga picha.

Kisha Marahubi, pwani. Kasri la Sayyid Barghash la mwanzoni mwa miaka ya 1880 liliungua mwaka 1899, zikabaki nguzo, hamamu na mfereji wa juu wa kuletea maji. Mabirika ya yungiyungi nayo bado yapo. Barghash ndiye aliyepeleka maji mpaka mjini kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na ukisimama Marahubi unaona alikuwa mtu wa kufikiri kwa mifereji. Mtoni, kwa baba yake Sayyid Said, ilikuwa rahisi zaidi: mto wenyewe ulipita uani, pembeni ya nyumba aliyozaliwa binti yake, Sayyida Salme, mwaka 1844.

Nilirudi nyumbani nikiwa na swali moja tu. Letu lililetewa maji na nini, kutoka wapi?

24 Februari

Wiki tatu za kubandua saruji. Patasi ndogo na nyundo ya ratili mbili, hakuna mashine. Mashine ingemaliza kwa siku mbili na ingeondoka na ukuta. Ukiiweka patasi pembeni ya ufa na kugonga kidogo kidogo, saruji inaachia yenyewe kwa vipande vya ukubwa wa sahani. Nusu ya ukuta wa kusini imebaki na lipu yake ya awali. Imekuwa ya rangi ya maziwa yaliyoungua, imelainishwa kwa mkono, na kwenye pembe imeviringwa ili uchafu usijikusanye.

Leo saa tano, kwenye pembe ya kusini magharibi, chini kabisa, kilidondoka kipande kikubwa, na nyuma yake kwenye chokaa kuna alama za vidole. Vinne kwa mpigo, vimeburutwa kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayemalizia pembe ambayo mwiko haukuweza kuingia. Nikaweka vidole vyangu juu yake. Vyangu vilizidi. Alikuwa ama mwanamke ama kijana mdogo.

Niliwaita wenzangu, tukasimama. Mashamba haya ya karafuu yalifunguliwa na watumwa. Soko la mjini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukafutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897. Birika hili, kwa namna lilivyojengwa, linaonekana kuwa la kabla ya hapo. Jina la aliyemiliki shamba wazee bado wanalikumbuka. La aliyeacha vidole hivi halijulikani. Nimeamua sehemu hiyo haitapigwa lipu mpya. Tutaiacha wazi, upana wa viganja viwili, na maji yakija yatapita juu yake.

15 Machi

Chokaa. Nimezunguka wiki nzima kutafuta mchomaji anayetumia matumbawe ya kuchimbwa nchi kavu. Ya kung'oa baharini sitaki kabisa, miamba yetu imeteseka vya kutosha. Nimempata mzee mmoja, tanuu lake ni la kienyeji: magogo ya mnazi na mwembe yanapangwa duara, mawe yanarundikwa juu, moto unatiwa katikati. Linawaka usiku kucha. Jiwe linahitaji karibu nyuzi 900 ili liwe chokaa, na mzee hana kipimo chochote. Anatazama rangi ya moto, na anasikiliza. "Likiiva linakuwa jepesi mkononi," aliniambia, akanipa vipande viwili, kimoja kibichi na kimoja kilichoiva. Kweli, kile cha pili kilikuwa kama mkate mkavu.

Tumeizima chokaa hapa shambani, kwenye shimo lililozungushiwa mbao. Ukiitia maji inachemka kwa vishindo, moshi mweupe, na hakuna kucheza nayo: miwani, glavu, watoto wakae mbali. Sasa imelala chini ya maji, kama samli nyeupe. Italala hivyo hadi Agosti. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika, na ndivyo itakavyoshika.

17 Aprili

Masika. Hakuna kazi inayofanyika, na leo nimepata tulichokuwa tunakitafuta tangu Januari.

Nilitoka na mwavuli saa moja asubuhi, mvua ya kumwaga. Juu ya birika kuna mteremko wa magugu unaopanda hadi shamba la jirani. Maji ya mvua yalikuwa yanashuka ovyo, kila upande, isipokuwa mahali pamoja. Kuna mstari, upana wa hatua moja, ambao haukuwa na maji juu yake hata kidogo, yalikuwa yanazama. Nikaufuata. Unapanda ukikata mteremko kwa mshazari, haupandi moja kwa moja, unaingia kwa jirani, unapita chini ya mzambarau mkubwa, unaendelea. Magugu juu yake ni mafupi na ya njano kuliko ya pembeni, kama yanayoota juu ya mawe.

Nililowa chepechepe na sikujali. Huu ni mfereji. Umekuwa ukipita chini ya miguu yetu kwa miaka yote hii.

15 Juni

Udongo umekauka vya kutosha kuchimba. Kwa ruhusa ya jirani wa kwanza tumefungua mashimo sita ya majaribio. Mfereji upo: upana sentimita 22, kina 18, umejengwa kwa mawe na kupakwa chokaa ndani, juu umefunikwa kwa mawe bapa. Umejaa mchanga, lakini kwa sehemu kubwa ni mzima. Kila penye kona kuna kishimo cha mraba cha kunasia mchanga. Aliyefikiria hilo alijua kazi yake.

Unaanzia kwenye chemchemi ambayo kina mama wa mtaa bado wanateka maji. Mita 118 kutoka hapo hadi kwenye ile kona aliyoinyooshea bibi mkono.

Tulipima mwinuko kwa mpira wa maji, ule mwembamba unaoonekana ndani ambao mafundi wote wanao. Mmoja anashika ncha kwenye chemchemi, mwingine anashuka na ncha nyingine, mnasubiri maji yatulie, mnatia alama kwenye kijiti, mnasogea. Kazi ya siku nzima. Tofauti ya juu na chini ni sentimita 71. Milimita sita kwa kila mita! Pungufu ya hapo, maji yangelala na kuacha mchanga njiani. Zaidi sana, yangekimbia na kula chokaa. Ndiyo maana mstari unakata mteremko kwa mshazari. Walikuwa wanaitafuta hiyo milimita sita, nao hawakuwa na mpira wa plastiki.

Na sababu ya maji kupotea tumeiona pia. Chini ya mzambarau, mzizi mnene kama paja umeingia kwenye mfereji na kuujaza wote. Birika halikuwa linavuja. Maji yalikuwa hayafiki. Ile saruji yote ilipigwa kwenye jeraha ambalo halikuwepo.

2 Julai

Sasa nieleze jambo ambalo lina uzito kuliko chokaa na mawe.

Shamba la zamani lilikuwa moja. Chemchemi, mfereji, birika, na mashina ya mikarafuu yaliyonyweshwa na maji ya kutokea, vyote vya bwana mmoja, akitaka maji anafungua. Leo mfereji huo huo unapita kwenye eka tatu tatu za watu wanne. Chemchemi iko kwa wa kwanza, mzambarau uko kwa wa pili, wa tatu ana migomba juu ya mfereji, wa nne ni sisi. Hakuna hata mmoja kati yetu anayeweza kuyarudisha maji peke yake, na yeyote anaweza kuyazuia.

Kikao cha kwanza kilikwenda vibaya, na haki yao. Nilianza kuzungumzia historia. Bibi mmoja akanikatiza kwa upole: "Mwanangu, sisi tunaamka alfajiri kupanga ndoo. Wewe unataka maji yaende kwako yakakae?" Mwingine akauliza kuhusu mbu. Miaka ya nyuma malaria ilizika watoto hapa. Si swali la kupuuza.

Niliondoka nikarudi baada ya wiki na karatasi ya vipimo badala ya hadithi. Chemchemi inajaza ndoo ya lita 20 kwa sekunde 48, mchana na usiku. Usiku hakuna anayeteka, na maji yote yanapotelea bondeni. Tukakubaliana hivi: ndoo kwanza, siku zote. Mdomo wa mfereji utawekwa juu kidogo ya usawa wa kutekea, ili yaingie yale ya ziada tu. Kila shamba litakuwa na tundu lake lenye kizibo cha mti, la kumwagilia. Birikani tutatia perege wa kula viluwiluwi vya mbu, na maji hayataachwa kusimama. Yatakayotokea chini yatarudi kwa yule wa migomba kupitia mtaro. Mzambarau hautakatwa; mfereji utauzunguka kwa mita tano za njia mpya.

Sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani, alikuja, ikaandikwa, wote wanne tukatia saini. Kisha yule bibi aliyenikatiza akasema maji ya zamani hayaamshwi kimya kimya. Alfajiri ya pili wakaenda na chetezo, wakafukiza ubani chemchemini, wakaomba dua. Nilikwenda nikasimama nyuma.

11 Agosti

Ufa. Tumepoteza ukuta mzima wa kaskazini.

Mchanganyo ulikuwa sawa: chokaa kipimo kimoja, mchanga wa mtoni viwili na nusu, na nusu ya vumbi la vigae na vyungu vilivyopondwa, ambalo ndilo linaloifanya chokaa ishike hata ndani ya maji. Tatizo ni mimi. Nilikwenda harusini Makunduchi siku mbili, sikuacha maagizo ya kulowesha magunia. Upepo wa kusi ulipita juu ya lipu mbichi ukaikausha kama dagaa. Nimerudi nimekuta nyufa za nywele kila mahali, na ukiipapasa inatoa unga. Yote imebanduliwa leo. Hakuna namna ya kuitengeneza juu kwa juu.

6 Septemba

Ukuta wa kaskazini umerudiwa, matabaka matatu membamba, kila moja likifunikwa kwa magunia mabichi na kivuli cha makuti, zamu mbili za kulowesha kwa siku, na jina la mwenye zamu limeandikwa. Hakuna ufa hata mmoja.

Jana ilikuwa sakafu. Zamani mapaa ya nyumba za mawe yalipigwa sakafu na wanawake waliojipanga mstari, kila mmoja na kibao chake, wakiimba ili mikono iende pamoja. Nilikuwa nimekusudia kutumia vijana wangu. Bibi akasema vijana hawana subira, akaita wenzake. Walikuja kumi na moja, wakakunja kanga, wakapiga kuanzia saa mbili asubuhi hadi adhuhuri. Ukisikiliza unajua wakati imeiva: mwanzo inatoa mlio wa matope, baadaye wa mti, mwisho wa jiwe. Juu tumepaka niru, chokaa laini ya kumalizia, na kuisugua kwa kokoto laini mpaka ikang'aa.

19 Oktoba

Tumefungua mdomo wa mfereji saa mbili na nusu asubuhi. Wa kwanza aliyeutoa ule udongo alikuwa mwenye chemchemi mwenyewe. Tuliona ndiyo haki.

Niliyafuata kwa miguu. Mita kumi za mwanzo yalikwenda haraka, kisha yakapunguza mwendo kwa sababu chokaa kavu inakunywa. Unayaona yanaingia, yanasimama, ukuta unakuwa mweusi, yanasogea kiganja kimoja. Yalikuwa yanasukuma mbele yake povu la majani makavu na siafu. Watoto walikuwa wakikimbia shimo hadi shimo wakipiga kelele za mahali yalipofika. Kwenye mzunguko wa mzambarau yalikaa dakika ishirini, nikaanza kuogopa kipimo changu, kisha yakainuka yakapita.

Saa nne kasorobo yalitoka kwenye mdomo wa jiwe. Hayakumwagika, yalichirizika, ya kahawia, unene wa kidole. Yakashuka ukutani, yakagawanyika juu ya ile pembe tuliyoiacha wazi, yakaufuata mburuto wa vile vidole vinne kutoka kushoto kwenda kulia.

24 Oktoba

Maji yamesimama kwenye sentimita 92 na hayapandi. Ukame wa mwisho wa kusi umepunguza chemchemi, ndoo sasa inajaa kwa sekunde 80, na kina mama wanateka kwanza kama tulivyokubaliana. Lakini hilo peke yake halitoshi. Usiku nilifunga mdomo nikatia alama kwenye kijiti: yanapungua sentimita tatu kwa siku. Jua na upepo haviwezi kula zote hizo. Uvujaji uko kwenye tundu la kusafishia, chini, pale chokaa mpya ilipokutana na jiwe la zamani. Tumeyatoa maji, tumekwangua, tumejaza upya kwa mchanganyo wenye vumbi la vyungu zaidi.

9 Novemba

Vuli imeanza juzi. Upungufu ni chini ya sentimita moja kwa siku. Perege hamsini wamo, vyura walikuja wenyewe.

Saa kumi na dakika ishirini alasiri maji yamefika kwenye jiwe la kutokea, yakasita kidogo ukingoni, yakapita kwenda kwenye migomba. Bibi alikuwa amekaa pale pale nilipomwekea kiti Januari. Alitazama mpaka mtaro ukalowa wote, kisha akaniambia nikamletee lile beseni lake na kanga mbili za kufua.

Kesho: kuzoa mchanga kwenye kishimo cha kona ya pili, mvua imeshakijaza nusu.